Viatu vya Babu Yenu

Wajukuu zangu, viatu vya babu yenu nimevificha. Viko uvunguni mwa kitanda changu, ndani ya kiroba, na kila ikifika saa kumi na moja jioni navitoa, namvalisha, namfunga kamba, tunatoka. Mwaka juzi aliamka usiku wa manane akavivaa mwenyewe, akafungua mlango, akashika njia ya kwenda kazini. Kazini kwake ni Dar es Salaam, na alistaafu zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Vijana wa bodaboda walimkuta alfajiri karibu na daraja la Kikafu, amevaa pajama na koti la suti, mkononi kashika bahasha ya kaki isiyo na kitu. Mwilini hakuwa na mchubuko hata mmoja. Mzee wa miaka themanini na moja alitelemka mlima wote ule gizani na hakujikwaa.

Miguu ya babu yenu ni mizima. Hilo mlishike, maana ndilo linalonifanya niwaandikie.

Desemba mlipokuja sikusema kitu. Nyumba ilijaa, na yeye hufadhaika akisikia sauti nyingi kwa pamoja. Sasa mmesharudi Dar, Arusha na Nairobi, nami nimepata utulivu. Niliwaangalia siku zote zile. Duka mnaliona kutoka kwenye ngazi zetu, lakini kila aliyetumwa chumvi aliwasha gari. Kijana wa miaka thelathini na mbili anahema kwa kupanda kutoka kwenye zizi hadi jikoni, kitambi kimetangulia, naye anakipiga kofi akisema mambo yamemnyookea. Nikanyamaza. Kisha siku ya pili ya Krismasi baba yenu mdogo akaingia na ile mashine.

Mnaikumbuka. Mashine ya kukimbilia, yenye mkanda unaozunguka na kioo cha namba, iliyoshushwa kwenye pikapu na watu wanne. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba mazoezi yanarudisha kumbukumbu. Akaifunga sebuleni, akampandisha baba yake, akabonyeza. Mkanda ulipoanza kusogea babu yenu alishika vyuma kwa mikono miwili, macho yamemtoka, akapiga kelele: "Shusha! Konda, nashuka hapa!" Baadhi yenu mlicheka. Mimi niliona mkojo unashuka kwenye mguu wa suruali yake.

Simlaumu mwanangu. Alichokifanya siku moja, mimi nilikifanya miezi minane.

Siku nilipompeleka babu yenu hospitalini kupimwa, daktari alimpa njiti nne za kiberiti, akapanga za kwake mezani, akamwambia apange vilevile. Ni sehemu ya kipimo kilichotengenezwa hukuhuku kwetu Hai, kwa ajili ya wazee ambao hawakupata shule, ili mtu asionekane mgonjwa kwa kuwa tu hajawahi kushika kalamu. Babu yenu alishika kalamu maisha yake yote. Alikuwa mhasibu. Alizitazama zile njiti kwa muda mrefu, akazihesabu moja moja, akasema "nne," akazitia mfukoni. Daktari akatutajia jina la ugonjwa, demensia, halafu tulipokuwa tunasimama akaongeza kwamba kutembea kutamfaa.

Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na nne. Nimekimbiza watoto mchakamchaka kwenye ukungu wa Masama tangu enzi za Mwalimu. Lile neno la daktari nikalichukua kama dozi. Saa kumi na mbili asubuhi namwamsha, mvua inyeshe isinyeshe, namtanguliza kwenye kilima cha kanisani, nafuata nyuma na fimbo. Akisimama kuangalia ndege, namwambia twende. Akiniuliza tunakwenda wapi, namjibu tunazifuata kumbukumbu zako. Jioni namhoji kama mwanafunzi: leo siku gani, watoto wako wangapi, mimi ni nani. Akikosea, kesho yake naongeza mzunguko. Baada ya miezi minane alikuwa anapanda kile kilima bila kuhema, hata mchungaji akamsifu. Wiki ileile alianza kuniita dada.

Mwenzenu anayesomea udaktari ndiye aliyenikalisha chini akanieleza kwamba Uingereza walishalifanya jambo hili, tena kwa utaratibu wa kitaalamu. Profesa Sarah Lamb wa Oxford na wenzake waliwachukua watu 494 wenye demensia ambayo haijawa kali sana. Kati yao 329 walipewa mazoezi ya kweli, baiskeli za ndani na kunyanyua uzito, saa moja hadi saa moja na nusu, mara mbili kwa wiki kwa miezi minne, na mengine ya kufanya nyumbani. Wale 165 waliobaki waliendelea na huduma zao za kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Miili ilipata nguvu. Waliofanya mazoezi waliweza kutembea mbali zaidi ndani ya dakika sita. Akili haikurudi. Mwaka ulipotimia, kwenye kipimo cha kumbukumbu walikuwa nyuma ya wenzao kidogo, tofauti ndogo ambayo hata watafiti hawakuipa uzito mkubwa, lakini faida waliyoitafuta hawakuipata. Niliposikia hayo nililia. Nilikililia kile kilima, na ile fimbo, na ndege wote aliotaka kuwaangalia nikamkatiza.

Najua mtakalosema: basi bibi, kama mazoezi hayatibu, tujichoshe kwa nini? Nisikilizeni, wanangu, maana hapa ndipo ninapowaonya.

Ugonjwa huu hauanzi siku mtu anapopotea njia. Ule wa Alzheimer, ambao ndio mwingi kuliko aina nyingine zote za demensia, huingia kichwani miaka kumi na mitano hadi ishirini kabla mtu yeyote hajaona dalili. Protini mbili, amiloidi na tau, hujirundika kidogo kidogo ubongoni, na chembe za ubongo zinakufa kimyakimya huku mwenyewe anakwenda kazini, anapandishwa cheo, anaozesha binti. Siku mnayosema "mzee siku hizi anasahau," mchwa wameshafika kwenye kenchi. Ndiyo maana ile mashine ilipandwa na mtu asiye wake. Aliyestahili kupanda ni huyo aliyeileta. Ana miaka hamsini na mmoja.

Na ninyi mlio nyuma yake, wa thelathini na wa arobaini, msidhani nawaonea.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote anayoivuta. Hiyo inafikishwa na damu, na damu inapita kwenye mishipa mingine myembamba kuliko unywele. Mnaujua mfongo, ule mfereji wa maji unaoteremka kutoka mlimani kuja kwenye kihamba chetu cha migomba. Ukipasuka juu huko msituni, huku chini huoni kitu siku ya kwanza, wala wiki ya kwanza. Unaona tu migomba imeanza kunyong'onyea, unailaumu mbolea. Presha iliyopanda miaka mingi huifanyia hivyo mishipa ya kichwani: mingine hukakamaa, mingine huziba, mingine huvuja, na mtu anaendelea kusema yuko salama kwa kuwa haumwi kitu. Mazoezi hushusha presha, huuzuia ugonjwa wa sukari wa ukubwani, huuimarisha moyo. Hapo ndipo yanapoulinda ubongo, wakati bado kuna cha kulinda.

Tena hayataki mashine. Mwaka 2011 huko Marekani, Kirk Erickson na wenzake walichapisha habari za watu wazima na wazee 120 ambao hawakuwa na demensia. Kundi moja lilitembea dakika 40, siku tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima. Kundi la pili lilifanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iliyojikunja inayoitwa hipokampasi, ambayo ndiyo inayotunza kumbukumbu mpya, na kwa kawaida uzeeni husinyaa mwaka hadi mwaka. Kwa wale watembeaji iliongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 2. Kwa wenzao iliendelea kusinyaa. Kutembea tu, kama mama zenu walivyokuwa wakishuka kwenda kukata majani ya ng'ombe na kurudi na mzigo kichwani.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kutoa jasho kwa wiki. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao hata hawako mbali na sisi, watafiti waliwafunga vipimo kifuani wakaona wanapata karibu dakika 135 kwa siku moja, na presha kwao ni jambo la nadra. Siwaambii mkachimbe mizizi. Nawaambia hizo dakika za wiki nzima, wenzenu wanakaribia kuzimaliza kabla jua halijatua.

Sasa kuna jambo ambalo ningeweza kulificha ili maneno yangu yawe na nguvu zaidi, lakini sitawafundisha uongo uzeeni. London waliwafuatilia watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 kwa miaka kama 28. Waliona kwamba waliokuja kuugua demensia walianza kupunguza mazoezi hadi miaka tisa kabla ya daktari kuwaambia. Yaani ugonjwa wenyewe ndio uliowakalisha. Na katika watu hao, mazoezi ya umri wa kati peke yake hayakuonekana kuwa kinga. Kwa hiyo asitokee mtu akawaambia, au akawauzia, kwamba ukikimbia hutasahau. Ninao majirani waliolima maisha yao yote na sasa hawawajui watoto wao.

Lakini ile habari ya London ilinigusa kwa namna nyingine. Babu yenu alipostaafu alikuwa mtu wa miguu. Kanisani kwa miguu, shamba la chini kwa miguu, soko la Kwa Sadala kwa miguu na kurudi na kilo mbili za nyama. Alipofika miaka sabini na miwili hivi akaanza visababu. Leo goti. Leo jua kali. Mara anataka bodaboda kwa safari ya kutupa jiwe. Mara haendi kabisa, anakaa barazani mchana kutwa na redio haijawashwa. Nilimwita mvivu mbele ya wageni. Nilimwambia amezoea kiti cha ofisi. Kumbe mtu alikuwa ameanza kuogopa njia aliyoijua tangu utoto, na alikuwa na aibu ya kuniambia. Ilipita miaka saba kabla ya zile njiti za kiberiti.

Mkiona baba au mama yenu ameacha ghafla mambo yaliyokuwa yakimtoa nyumbani, msimcheke na msimsute. Kaeni naye. Mpelekeni akapimwe presha na sukari, akapimwe macho, akapimwe masikio. Masikio msiyapuuze: jopo la wataalamu lililochapisha ripoti yake kwenye jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 ambayo kama yangeshughulikiwa, karibu asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kutokufanya mazoezi ni moja tu. Mengine ni presha, sukari, sigara, pombe kupita kiasi, upweke, kupoteza usikivu, kuumia kichwa, na hata kukosa shule utotoni. Nawahesabia machache muone kwamba mwendo una ndugu zake. Finland waliyaunganisha mazoezi, chakula, zoezi la akili na uangalizi wa presha kwa wazee 1,260 waliokuwa hatarini, kwa miaka miwili, na akili zao zikafanya vizuri kuliko za wenzao.

Presha niiseme peke yake, maana inatumaliza. Hapa Hai wazee wa miaka 70 na kuendelea walipopimwa, karibu saba katika kila kumi walikuwa nayo, na wengi hawakuwa na habari. Hao ni watu wa mlimani, waliotembea tangu wajue kusimama. Kwa hiyo wewe unayekimbia na kikundi chako cha jogging kila Jumamosi, fulana zimefanana, usidhani umeshamaliza kazi. Mkanda wa presha unafungwa mkononi dakika mbili tu. Marekani waliwagawa watu zaidi ya 9,000 wenye presha katika makundi mawili. Walioshushwa hadi chini ya 120 walipatwa na kule kufifia kwa kumbukumbu kunakotangulia demensia kwa uchache kuliko walioachwa chini ya 140. Ukiandikiwa vidonge, kunywa vidonge. Babu yenu alivinywa wiki mbili, akaona kichwa hakiumi, akaviacha. Alikuwa na miaka arobaini na saba, ana kiyoyozi ofisini na dereva wa kumpeleka nyumbani. Niliona ni heshima. Nilijivunia shingo yake ilivyonenepa kwenye kola ya shati. Wajukuu zangu, nilikuwa mwalimu, niliwakimbiza watoto wa watu kila asubuhi, na mume wangu mwenyewe nilimwachia akae.

Mwaka 2010 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji sita vya wilaya yetu. Wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi waliulizwa na kupimwa, na hesabu ikatoka kwamba kama 6 katika kila 100 wana demensia. Walipowauliza ndugu zao, wengi walisema huo ni uzee tu, na wapo waliotaja laana na uchawi. Mnajua mahali pengine nchini mwetu bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, akianza kusema maneno yasiyoeleweka na kutembea usiku, anaweza kufa kwa panga. Mkisikia mtu anamwita mzee mchawi kwa kuwa amepotea njia ya kwake, simameni mseme jina la ugonjwa, hata kama mnaosema nao ni watu wazima kuliko ninyi.

Fimbo niliiacha. Saa kumi na mbili asubuhi siku hizi namwacha alale. Tunatoka jioni, na hatwendi popote. Akisimama, nasimama. Kutembea kunamfaa kwa mambo ambayo kipimo cha kumbukumbu hakiyaulizi: anainuka kitini bila kuvutwa, anafika chooni mwenyewe, usiku analala, na tukirudi anakula ugali wote. Na tunaongea. Hukuhuku Hai waliwahi kuwakusanya wazee 34 wenye ugonjwa huu katika vikundi vidogo, mara 14 ndani ya wiki 7, wakawa wanazungumza, wanakumbushana mambo ya zamani, wanashughulisha akili bila mtu kusahihishwa, na vipimo vikaonyesha akili zimechangamka. Walikuwa wachache, naam, lakini nilipoambiwa hivyo niliacha kumhoji babu yenu. Simuulizi tena mimi ni nani. Namsimulia mimi ni nani.

Juzi tulipofika kwenye ile mibuni ya chini alisimama muda mrefu. Akashika tawi, akageuza jani kuangalia upande wa chini kama lina kutu, kama alivyofundishwa na baba yake. Akaniuliza, "Dada, hii kahawa safi hivi ni ya nani?" Nikamwambia ni yako, meku, uliipanda mwaka tuliooana. Akatikisa kichwa. "Huyo bwana amefanya kazi," akasema, tukaendelea.

Mashine iko stoo, nimeifunika na turubai. Baba yenu mdogo aje aichukue, aiweke chumbani kwake, na aipande yeye.

Ninyi Pasaka mkija, magari yaacheni Kwa Sadala. Njia ya kupanda mnaijua, na kama mmeisahau, ulizeni akina mama wanaorudi sokoni, mtapanda nao, na mizigo yao mtawasaidia. Mtu asibebwe na bodaboda isipokuwa mwenye mtoto mgongoni. Mtachoka, mtapumzika pale kwenye mkuyu ambapo babu yenu alikuwa akipumzika na nyama yake. Mkikaribia nyumbani pigeni simu, nitavitoa viatu uvunguni, tutateremka kuwapokea. Atawauliza ninyi ni watoto wa nani. Mwambieni taratibu, mmoja mmoja, kisha mmoja wenu amshike mkono wa kulia, maana wa kushoto nimeushika mimi.